Udongo wa Nani

Pivoine aligoma mlangoni pa banda la kukamulia kama alivyogoma jana na juzi. Alikaza miguu yote minne kwenye saruji, akawazuia wenzake waliopanga foleni nyuma yake. Na huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Miaka yote alikuwa wa kwanza kuingia, hangoji hata umwite, na kundi zima likimfuata bila ubishi. Sasa alisimama pale ngozi inamcheza na macho yamemtoka, ungedhani anapelekwa kunyongwa.

"Ingia, we mshenzi," alisema Fanch Le Bihan, akamchapa fimbo ya kiuno.

"Usimpige," alisema mkewe.

"Sasa nifanyeje, Gwenola? Nimbembeleze kwa keki?"

Akamchapa ya pili. Pivoine aliingia kwa kuruka, akateleza, akajinyea kwa woga. Gwenola alipomfunga vikombe vya mashine, alivipiga teke vikaangukia kwenye mfereji. Hata maji hakuyataka. Ng'ombe wa maziwa mwenye kiu hutumbukiza mdomo mzima birikani na kuvuta kwa nguvu, unasikia koo linavyopiga. Hawa wa kitongoji cha Kervelen walikuwa wananusa, wanaramba kwa ncha ya ulimi, halafu wanarudi nyuma. Kiu wanayo, maji yako mbele yao, na hawanywi.

"Yameanza wiki ileile walipoileta ile nguzo ya umeme," alisema Gwenola.

"Haya, umeanza tena na nguzo yako."

"Si yangu. Ingekuwa yangu ningeshaifanya kuni."

Fanch aliokota vikombe mferejini. Alikuwa amechoka, na mtu akichoka hivyo hata mke wake mwenyewe humwona kero. Ndipo gari la Ropars likaingia uani. Ropars alikuwa mtu wa chama cha ushirika kinachonunua maziwa yao, mtu mpole, na upole wake siku hiyo ulikuwa mbaya kuliko matusi.

"Vipimo viwili mfululizo vimeonyesha viwele vinaumwa," alisema, huku akikwepa kukanyaga kinyesi. "Ijumaa nachukua cha tatu. Kikiwa kibaya, lori halitapita tena hapa. Si mimi niliyeamua, mnaelewa."

"Lori lisipopita, maziwa tuyapeleke wapi?" aliuliza Gwenola. "Tuyaoge?"

Ropars aliitazama fimbo mkononi mwa Fanch. "Na hiyo ningeiweka mbali, Bwana Le Bihan. Watu wanasema."

"Watu wanasema nini?"

"Wanasema tu."

Alipoondoka, Fanch aliiegemeza fimbo ukutani taratibu, kama mtoto aliyekamatwa na kitu cha kuiba. Gwenola aliona masikio ya mumewe yamewiva kwa aibu. Uliona wapi mtu aliyelala zizini na ndama wagonjwa tangu ujana wake, akahubiriwa juu ya kupenda wanyama na mtu anayeogopa kuchafua viatu?

*

Habari ya nguzo ilikuwa hivi. Transfoma ya Kervelen ilikuwa juu ya nguzo pale juu, inapoanzia njia ya kwenda baharini, tangu mama mkwe wake Gwenola alipokuwa msichana. Halafu watu wa mjini wakazinunua zile nyumba za mawe za wavuvi, wakazitia sakafu za kupasha moto na mabwawa ya maji ya moto. Huja wakati wa kiangazi na sikukuu mbili tatu, baada ya hapo madirisha hufungwa. Transfoma ya zamani ikawa haiwatoshi. Ikahitajika kubwa zaidi, na Bibi Delmotte, mwenye nyumba ya kwanza, akasema ni sawa, iletwe, ila si mbele ya dirisha lake. Inaharibu mandhari.

Basi mandhari ya nani yaharibiwe? Ya ng'ombe. Vuli hiyo nguzo ikasimikwa kando ya ukuta wa banda la Le Bihan. Kampuni ya umeme ilisema ardhi ile ya ukingo wa njia ni ya kijiji, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuomba ruhusa.

Siku waliyoisimika, Gwenola aliwapelekea wafanyakazi kahawa na mkate wa siagi, maana hasira za mabwana hazilipizwi kwa vibarua. Fundi mmoja kijana, Ludo, alikaa kwenye ngazi ya gari akitafuna, naye Gwenola akamuuliza kile chombo kina nini ndani.

"Mafuta, mama. Ndani ya mafuta kuna chuma, na kwenye chuma kumezungushwa nyaya mbili za shaba. Mmoja una mizunguko mingi sana, mwingine michache. Huu wa mizunguko mingi unapokea umeme mkali unaokuja na laini, volti elfu ishirini. Huu wa michache unautoa ukiwa umepoa, wa kukamulia na kuchemshia chai."

"Nyaya zenyewe zimeungana wapi?"

"Haziungani. Ndio uzuri wake. Huu wa kwanza unakitia chuma sumaku inayogeukageuka, na ile sumaku inauamsha umeme kwenye ule wa pili. Mizunguko ikipungua na ukali unapungua. Ukisikia transfoma inavuma, ni chuma hicho kinatetemeka."

"Kwa nini msituletee mpole tangu huko huko, mkaacha kutusimikia mapipa?"

Ludo alicheka, mkate mdomoni. "Ukiuleta mpole, inabidi uulete mwingi kupitia waya uleule. Waya unachemka, na nusu ya umeme inaishia njiani kuwapasha shomoro miguu. Ukiwa mkali unapita mchache, waya haupotezi kitu. Halafu tunaupoza hapa mlangoni pako."

Gwenola alipenda jibu hilo, hakuwa mtu wa kukataa kitu chenye akili. Kisha akaona waya mnene wa shaba unashuka ubavuni mwa nguzo, na mwenzake Ludo anauzika kwenye mtaro chini ya ukuta wa banda.

"Na ule?"

"Ule ni wa usalama. Umeme ukizidi au ukipotea njia, unashuka pale, unamezwa na udongo."

"Udongo wa nani?"

Kijana aliacha kutafuna. Alitazama ukuta, akatazama mtaro. "Wako, mama," alisema. "Lakini ramani ndiyo imesema hapa."

*

Gwenola alikuwa ameshawaita wa kampuni mara moja. Akaja mhandisi, Bwana Castaing, na kisanduku cha kupimia, na koti lenye nembo. Alipima kwenye ubao wa swichi ndani ya nyumba, mahali pakavu penye zulia, akasema kila kitu kiko ndani ya viwango.

"Ng'ombe hawaishi ndani ya swichi," Gwenola alimwambia. "Twende bandani."

"Bibi, mita haidanganyi." Hata hivyo alikubali kusimama mlangoni pa banda. Alitazama ng'ombe kwa muda, akauliza kama hivi karibuni wamebadilishiwa chakula, kama kuna kelele, kama bwana wa nyumba ana hasira za karibu. Akasema siku hizi inajulikana kwamba ng'ombe huambukizwa mawazo na wafugaji wao. "Labda mpumzike kidogo," alimalizia. "Mwende mahali."

Waende mahali. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, anayekamua asubuhi na jioni hata siku ya kumzika baba yake, anaambiwa aende mahali. Gwenola alitamani kumwagia ndoo ya maji machafu, na mpaka leo anajuta hakufanya hivyo.

Baada ya hapo kijiji kikapata la kusema. Kwenye duka la mikate mazungumzo yalikatika alipoingia. Mwanamke mmoja alimuuliza, kwa sauti ya huruma, kama Fanch bado anakunywa. Fanch hakuwahi kunywa zaidi ya sida, ile pombe ya tofaa, siku ya Jumapili.

"Waache," alisema Soazig, mama yake Fanch, aliyekuwa amekaa jikoni anamenya viazi. "Nilipoolewa hapa walisema mimi mchawi, eti siagi yangu ilikuwa ya njano mno."

"Mama, wewe ulikuwa na siagi. Mimi nina usaha."

Jumatano Pivoine hakuweza kusimama vizuri, robo mbili za kiwele zimekuwa ngumu na moto. Daktari wa mifugo alitikisa kichwa. Fanch akapiga simu, na mchana lori la machinjioni likarudi nyuma uani, likashusha ubao wake.

Hapo ndipo palipowauma. Walikuwa wamejiandaa kumsukuma, Fanch upande huu na dereva upande ule. Pivoine aliutazama ule ubao mkavu wenye majani makavu juu yake, akaupanda mwenyewe, polepole, kwa utulivu wake wa zamani. Akageuza kichwa kuangalia kama wenzake wanamfuata.

"Huyu mpole sana," alisema dereva. "Mngeona ninavyohangaika na wengine."

Fanch aliingia ndani bila kuaga. Gwenola alibaki uani mpaka lori lilipopinda, na kitu kimoja kikawa kinamsumbua kichwani. Lori halikumwogopesha Pivoine. Lililomwogopesha lilikuwa banda lao wenyewe.

*

Alhamisi asubuhi, Gwenola alikuwa anasugua birika la chuma bandani, gambuti moja ilipochanika kwenye ncha ya bati. Maji baridi yakamwingia mpaka soksi. Alitukana, akainama kuendelea, mkono ndani ya maji, na mchomo mdogo ukampanda kutoka vidoleni hadi kiwikoni. Aliutoa mkono. Alidhani ni mshipa, maana alikuwa amefikia umri wa mishipa. Akaurudisha. Mchomo ukarudi.

Alisimama wima, akaukumbuka ule waya uliozikwa chini ya ukuta. Kisha akavua gambuti zote mbili na soksi, akakanyaga saruji iliyolowa kwa nyayo tupu, akashika ukingo wa birika kwa kiganja kizima.

Hakikuwa kitu cha kuua. Ilikuwa kama sindano nyingi ndogo zinazotetemeka, hazikatiki, na zikimwingia mpaka kwenye meno. Akahesabu moyoni ni watu wangapi wamefika bandani humo tangu vuli: Fanch, yeye, Ropars, daktari, Castaing. Hakuna hata mmoja aliyefika bila mpira miguuni. Kila aliyekuja kuwahukumu wale wanyama alisimama juu ya soli nene, na wao walisimama kwenye maji kwa miguu minne, wanatia midomo yao kwenye chuma.

Alilia hapo hapo, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Akamwita mumewe.

"Vua gambuti," alimwambia.

"Umepatwa na nini?"

"Fanch, vua."

Alivua, akinung'unika kwamba sasa wote wawili wamechanganyikiwa. Alikanyaga saruji, akashika birika, akautoa mkono haraka. Akashika tena, safari hii akaushikilia, taya zimemkaza, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Toa mkono," alisema Gwenola.

"Nimempiga," alisema Fanch. "Alikuwa ananiambia, na mimi nampiga."

"Hukujua."

"Yeye alijua." Akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa, mguu mtupu juu ya mwenzake, mzee wa ghafla. "Nimempiga, Gwenola, halafu nikampeleka kuchinjwa."

Gwenola alimsogezea gambuti zake. Aliingia ndani akapiga simu kwenye kampuni. Msichana wa simuni alimwambia kwa adabu kwamba nafasi ya karibu ni baada ya wiki tatu.

"Sawa, mwanangu," alisema Gwenola. "Mume wangu ana msumeno wa mota. Kesho saa nne tunaikata ile nguzo yenu. Waambie wakubwa wako waje kuokota transfoma."

Jikoni, Soazig aliacha kumenya. "Mwanangu," alisema kwa kuridhika, "leo umekuwa mtu wa nyumba hii."

*

Ijumaa walikuja kabla ya saa nne. Castaing alikuja na Ludo na wengine wawili, na Ropars naye alikuwepo na chupa zake za vipimo. Bibi Delmotte, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya wikiendi, alitokea njiani na mbwa wake kuuliza kama umeme utakatika, maana anatarajia wageni.

Fanch aliuweka msumeno juu ya ukuta, mahali panapoonekana.

"Bibi Le Bihan," alianza Castaing, "vitisho havisaidii. Nilishapima. Hapa hakuna tatizo la umeme."

"Hakuna umeme bandani?"

"Hakuna."

"Una hakika?"

"Kabisa."

"Basi vua viatu."

Castaing alitabasamu, akamtafuta mtu wa kutabasamu naye, hakumpata. Alikuwa amevaa mabuti ya kazi yenye soli za unene wa vidole viwili.

"Vua viatu, na soksi," alisema Gwenola. "Simama pale kwenye maji, wanaposimama wao, ushike birika. Hakuna umeme. Utalowa miguu tu. Taulo nimekuandalia."

Kweli, lilikuwa limetundikwa mlangoni, taulo la wageni, limepigwa pasi.

"Siruhusiwi," alisema Castaing. "Kuna kanuni za usalama."

"Usalama wa nini? Si umesema hakuna kitu?"

"Kanuni ni kanuni. Mfanyakazi havui viatu eneo la kazi."

"Ng'ombe wangu ni wafanyakazi pia," alisema Fanch. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo. "Hawakuletewa mabuti."

Ropars alikohoa. Castaing alifungua kisanduku chake, akaanza kueleza mambo ya viwango na wastani, na sauti yake ilikuwa imeanza kupata nguvu tena, pale Soazig alipopita katikati yao. Alikuwa amevaa aproni ya viazi. Akaketi kwenye ile ndoo, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akaviringisha soksi zake ndefu za sufu moja moja. Miguu yake ilikuwa myeupe na midogo, mishipa imejichora.

"Mama, unafanya nini?" aliuliza Fanch.

"Nina kiu," alisema mwanamke mzee. Akainuka, akatia mguu kwenye maji sakafuni, akanyoosha mkono kwenye birika.

"Usiguse!" alipiga kelele Castaing, na kisanduku kikamdondoka. "Bibi, usiguse hapo, kwa umri wako ni hatari!"

Mkono wa Soazig ulisimama hewani. Wote walimgeukia Castaing. Hata mbwa wa Bibi Delmotte alikaa. Juu yao transfoma ilikuwa inavuma kama kawaida yake.

"Rudia," alisema Gwenola.

Castaing aliinama kuokota kisanduku.

"Rudia, bwana. Sema tena, Bwana Ropars hakusikia vizuri."

"Nimesikia," alisema Ropars. Alizirudisha chupa zake kwenye mkoba, zikiwa tupu. "Lori litaendelea kupita. Nitaeleza ofisini."

Gwenola alimvalisha mama mkwe soksi zake. "Ungeshika kweli?" alimnong'oneza.

"Ningeshika. Nilijua atapiga kelele. Kijana yule hakulelewa vibaya, amefundishwa kazi vibaya tu."

*

Jumanne mafundi waliufukua ule waya wa usalama. Hakuna aliyeomba radhi. Ludo alisema, bila kumtazama Gwenola usoni, kwamba wameambiwa wauite uboreshaji. Walichimba mtaro mrefu kuvuka njia, mbali na banda, wakauzika waya chini ya nyasi za Bibi Delmotte, ambaye alitoka mbio na joho la kuogea akisema hakuulizwa.

"Ni ukingo wa njia, bibi," alimwambia Ludo. "Wa kijiji."

Gwenola aliwapa vibarua kahawa na mkate wa siagi. Bibi Delmotte hakumpa kitu.

Kuhusu Pivoine, kampuni ilisema haiwezekani kuthibitisha. Robo za viwele vya wengine watatu hazikupona, na vumbi la maneno halikutulia pale dukani kwa urahisi kama lilivyotimka. Fanch aliichoma ile fimbo jikoni, kwenye jiko la kuni, akakaa anaitazama mpaka ikaisha.

Jioni, kwa mara ya kwanza tangu vuli, banda lilikuwa salama. Gwenola alikwishalipima kwa miguu yake mwenyewe kila pembe. Alifungua mlango akawaita ng'ombe. Walikuja mpaka kizingitini, wakasimama, vichwa chini, wakinusa saruji. Hawakuwa na habari za mitaro. Waliyajua waliyoyaonja, na wa kuwaongoza hakuwepo.

"Tuwasukume?" aliuliza Fanch kwa sauti ndogo.

"Hapana. Tusiwasukume tena."

Alivua gambuti, akaziacha nje mlangoni. Akapita katikati yao, bega kwa bega, mpaka mbele kabisa, mahali pa Pivoine. Aliingia bandani peku, maji yakampanda vifundoni, akainama juu ya birika na kutia mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Akakaa hivyo. Maji yalikuwa baridi tu.

Mgongo ulishaanza kumuuma alipohisi pumzi ya moto shingoni. Ilikuwa Safran, ng'ombe mdogo, mwoga kuliko wote. Aliinusa mikono ya Gwenola ndani ya maji, akasita, kisha akatumbukiza mdomo mzima, akaanza kunywa.